Mali Bila Daftari: Mafunzo ya Udijitishaji wa Nyaraka na Historia ya Maandishi ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

1.0 Utangulizi

Waswahili husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya ulimwengu wa biashara, ambako mwenye duka asiyeandika madeni hujikuta hana bidhaa wala fedha. Hata hivyo, maana yake inawagusa pia wale wanaotunza madaftari yenyewe. Daftari nalo ni mali, na kwa hiyo huhitaji daftari jingine la kulieleza: liko wapi, ni la nani, liliandikwa na nani, kwa lugha gani, na ni nani awezaye kulisoma. Daftari lisilokuwa na maelezo hayo hupotea hata likiwa limefungiwa katika kabati la chuma.

Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, maktaba, hifadhi za nyaraka na makumbusho za Afrika Mashariki zimekuwa zikihamisha sehemu ya hazina zao kutoka katika karatasi, kanda na filamu kwenda katika mfumo wa dijitali. Mijadala kuhusu kazi hiyo imetawaliwa na habari za mashine: skana ya aina gani, kompyuta ngapi, umeme na mtandao wa kasi gani. Mhadhara huu unalishughulikia swali lililo nyuma ya mashine, nalo ni hili: mtu anayeiendesha mashine hiyo afundishwe nini? Hoja inayotetewa ni kwamba maarifa ya lugha, yaani ya historia yake, tahajia zake na majina yake, ni kiungo cha msingi katika mafunzo ya udijitishaji. Pale maarifa hayo yanapokosekana, mkusanyo hupigwa picha vizuri kisha ukapotea kwa mara ya pili.

Eneo linalotumiwa kuithibitisha hoja hiyo ni Mbinga pamoja na mwambao wa Ziwa Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu maandishi yanayolihusu yaliandikwa kwa lugha nyingi katika muda usiozidi karne moja na nusu, na kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi hayo haiko Mbinga wala mwambaoni.

2.0 Eneo na lugha zake

Uso wa Ziwa Nyasa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo nchi hupanda kwa ghafla kuelekea mashariki hadi kwenye milima ya Umatengo, ambako mji wa Mbinga umejengwa. Mwambao na milima vilikuwa katika Wilaya moja ya Mbinga mpaka mwaka 2012, ilipoundwa Wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay. Kwa hiyo mtafiti anayeutafuta mji wa Liuli katika nyaraka za kabla ya mwaka huo atapaswa kutafuta chini ya Mbinga. Na akirudi nyuma zaidi, chini ya Songea.

Kwa upande wa lugha, milimani huzungumzwa Kimatengo, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimepewa alama ya N13. Majirani zake ni Kingoni, N12, upande wa Songea. Kimanda, N11, upande wa kaskazini. Na Kimpoto, N14, kuelekea ziwani. Mwambaoni hupatikana pia Kinyanja, ambacho wengi hukiita Kinyasa, lugha inayovuka maji hadi Malawi na Msumbiji. Juu ya lugha zote hizo kimetandazwa Kiswahili. Nobuko Yoneda, mwanaisimu aliyekichunguza Kimatengo kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1996 makala kuhusu namna Kiswahili kinavyoingia katika lugha za makabila ya Tanzania, naye alikitumia Kimatengo kuwa mfano wake. Kwa Kingoni, utafiti wa Tove Rosendal na Gastor Mapunda uliochapishwa mwaka 2014 ulipima ukopaji wa msamiati kutoka Kiswahili na kuuliza iwapo lugha hiyo imo hatarini.

Tafiti hizo zina maana ya moja kwa moja kwa mtunza nyaraka. Kama msamiati wa lugha unabadilika ndani ya kizazi kimoja au viwili, basi idadi ya watu wanaoweza kulitambua neno lililoandikwa mwaka 1909 inapungua kila mwaka. Karatasi inaweza kuvumilia miaka mia ikitunzwa vizuri. Msomaji wake hana muda huo.

3.0 Maandishi yalivyozaliwa

Maandishi ya mwambao yalianza na maji. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ijulikanayo kwa kifupi kama UMCA, iliweka makao yake katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885. Mwaka huohuo meli yake, Charles Janson, iliteremshwa ziwani, na mwaka 1901 ikafuata Chauncy Maples, ambayo pamoja na kubeba abiria ilitumika kuwafundishia walimu. Kwa misheni hiyo ziwa lote lilikuwa njia moja, na vijiji vya pwani zote vilihudumiwa kutoka katika sitaha ileile. Lakini tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa mipaka, na kwa mkataba huo pwani ya kaskazini-mashariki ya ziwa ikawa ya Wajerumani. Tangu hapo wamisionari Waingereza walifanya kazi katika nchi ya Wajerumani, wakitumia vitabu vya Kinyanja vilivyochapishwa Likoma.

Anayekumbukwa zaidi miongoni mwao ni William Percival Johnson, aliyefanya kazi katika eneo la ziwa hilo tangu miaka ya 1880 mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Yeye ndiye aliyeitafsiri Biblia katika Kinyanja cha Likoma, na ndiye aliyeandika kitabu cha Nyasa, the Great Water kilichotolewa mwaka 1922. Hati za UMCA zilikusanywa Uingereza, nazo zimo katika maktaba ya Bodleian mjini Oxford.

Milimani maandishi yalikuja kwa njia nyingine. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Bavaria walifungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 na ile ya Kigonsera, katika nchi ya Wamatengo, mwaka 1899. Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, alichapisha Berlin mwaka 1904 uchunguzi wake wa Kingoni na Kisutu. Mwaka uliofuata, akiwa askofu, aliuawa katika Vita vya Majimaji. Na katika vita hivyohivyo Peramiho na Kigonsera zilichomwa moto. Ni wazi kwamba chochote kilichokuwa kimeandikwa katika vituo hivyo viwili, kikaachwa humo bila nakala, kiliteketea mwaka 1905. Maandishi ya Spiss yalibaki kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba yalikwisha kupelekwa mahali pengine.

Baada ya vita, Mbenediktini Johannes Häfliger alichapisha hadithi za wanyama za Wamatengo mwaka 1908, na mwaka 1909 akatoa kamusi ya Kimatengo katika jarida la Seminari ya Lugha za Mashariki ya Berlin. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Hata hivyo, ni lazima ieleweke iliandikwa kwa ajili ya nani. Maana za maneno zilitolewa kwa Kijerumani, na msomaji aliyekusudiwa alikuwa mwanafunzi wa Berlin au mmisionari aliyekuwa akijiandaa kwa safari. Mmatengo aliyetoa neno hakukusudiwa kuwa msomaji wa kamusi.

4.0 Maandishi yalivyotawanyika

Serikali nazo ziliandika. Utawala wa Wajerumani uliacha majalada ambayo leo yamo katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Majalada hayo yalipangwa na kuorodheshwa kwa msaada wa watunza nyaraka wa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwongozo wake, uliotayarishwa na Eckhart G. Franz na Peter Geissler, ulichapishwa Marburg mwaka 1973. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza katika rejesta ya Kumbukumbu ya Dunia. Utawala wa Waingereza uliongeza daftari la wilaya, ambamo kila mkuu wa wilaya aliandika habari za machifu, mila, ardhi na kodi.

Baada ya uhuru, mabadiliko ya utawala yaliyatawanya makaratasi kuliko mchwa. Serikali za wenyeji zilivunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1972 ukaja mpango wa Madaraka Mikoani, ulioondoa halmashauri za wilaya. Halmashauri hizo zilirudishwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchi nzima, na Sheria ya mwaka 1982 ikaviruhusu kuanza upya. Katika eneo hili hilo lilikuwa jambo kubwa, kwani Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, kilichoanza katika miaka ya 1930, kilihusika na mazao yaliyowapatia watu fedha, na baadaye Mbinga ikawa na chama chake kikuu kwa ajili ya kahawa. Kila chombo kilipovunjwa, majengo yalipata mpangaji mpya, na swali la majalada yaliyokuwa kabatini liliachiwa busara ya mwenye ufunguo.

Ikiongezwa mikusanyo ya watafiti, ramani ya mtawanyiko huwa pana zaidi. Mradi wa utafiti wa Majimaji uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1968 uliwatuma wanafunzi vijijini kukusanya simulizi za wazee. Elzear Ebner wa Peramiho aliandika historia ya Wangoni, ambayo ilisambazwa mwaka 1959 na kuchapishwa kuwa kitabu mwaka 1987. Kilimo cha ngolo kiliandikiwa makala na A. H. Pike mwaka 1938, na katika miaka ya 1990 kilichunguzwa kwa kina na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani. Kwa hiyo, mtu anayetaka kuijua historia ya Mbinga kwa maandishi anapaswa kwenda Songea, Peramiho, Dar es Salaam, Morogoro, Oxford, Mtakatifu Ottilien, Berlin na Japani. Mwalimu wa sekondari wa Mbinga hana nauli ya safari hiyo. Hapo ndipo udijitishaji unapoacha kuwa anasa ya kiteknolojia na kuwa suala la haki.

5.0 Mafunzo ya watunza nyaraka: historia fupi

Fani ya kutunza maandishi ilianza kufundishwa Afrika Mashariki ikiwa fani ya maktaba. Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere mwaka 1963, mwaka uleule Tanganyika ilipotunga sheria ya kuanzisha bodi ya huduma za maktaba. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Kwa upande wa nyaraka, Sheria ya Nyaraka za Taifa ilipitishwa mwaka 1965. Watunza nyaraka wa nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza walipata kituo chao cha mafunzo Legon, Ghana, mwaka 1975. Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilianzisha kitivo cha sayansi ya habari mwaka 1988. Tanzania ikaanzisha Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo mwaka 1989. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanza shahada ya uzamili katika taaluma za habari mwaka 1997. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 iliunganisha utunzaji wa majalada yanayotumika ofisini na yale yaliyokwisha kuwa historia.

Mafunzo ya enzi ya karatasi yalijengwa juu ya kanuni mbili ambazo hazijazeeka. Ya kwanza ni asili: nyaraka za mtu au ofisi moja zisichanganywe na za mwingine. Ya pili ni mpangilio wa awali: jalada liachwe katika utaratibu alioupanga mwenyewe, kwa sababu utaratibu huo nao ni habari. Kwa kanuni hizo, karani aliyefundishwa vizuri aliweza kulipokea sanduku la karatasi na kulieleza bila kuliharibu.

Kabla ya dijitali kulikuwa na mikrofilamu, na historia yake ina funzo. Katika miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse cha Marekani kilipiga mikrofilamu sehemu kubwa ya nyaraka za taifa za Kenya. Kazi hiyo iliwawezesha wanafunzi wa Marekani kuisoma historia ya tarafa za Kenya bila kusafiri. Mkazi wa tarafa hizo aliendelea kuhitaji basi hadi Nairobi. Hivyo nakala iliongezeka, lakini njia ya kuifikia iliongezeka upande mmoja.

6.0 Udijitishaji ni nini hasa

Watu wengi hudhani kwamba kudijitisha ni kupiga picha. Kupiga picha ni hatua ya katikati, tena ndiyo iliyo nyepesi kufundishika. Mafunzo kamili huanza kabla ya mashine kuwashwa.

Hatua ya kwanza ni uteuzi na utayarishaji. Mwanafunzi hufundishwa kuhesabu kurasa, kuondoa pini zilizoota kutu, kufuta vumbi kwa brashi laini, na kutambua karatasi iliyoshambuliwa na ukungu, jambo la kawaida katika nchi ya unyevu wa ziwa na mvua za masika. Hufundishwa kushika karatasi kwa mikono safi na mikavu, na kutolilazimisha daftari kufunguka kupita pale mshono wake unaporuhusu.

Hatua ya pili ni kunasa. Hapa hesabu ni muhimu, kwa kuwa ndiyo inayoamua bajeti. Ukurasa wa A4 ukinaswa kwa rangi kwa nukta 300 kwa inchi huwa na pikseli 2,480 kwa 3,508, na kila pikseli huchukua baiti tatu. Jumla ni megabaiti 26 hivi bila kubanwa. Rejesta ya ubatizo ikifunguliwa huwa na upana wa kurasa mbili, yaani megabaiti 52. Rejesta yenye mifunuo 200 itahitaji zaidi ya gigabaiti 10, na nakala tatu zitahitaji zaidi ya 30. Saa moja ya kanda ya simulizi, ikinaswa kwa kilohezi 96 na biti 24 katika mikondo miwili, huchukua gigabaiti mbili. Nakala kuu huhifadhiwa katika umbizo lisilopunguza habari, kama vile TIFF, na kutoka humo hutengenezwa nakala nyepesi ya kusomea. Asiyezifahamu hesabu hizi ataanza na rejesta kumi, na diski yake itajaa kabla hajafika ya tano.

Hatua ya tatu ni maelezo ya utambulisho, ambayo wataalamu huyaita metadata. Orodha mojawapo inayotumiwa sana ni Dublin Core, iliyoasisiwa mwaka 1995, yenye vipengele 15, vikiwamo anwani, mwandishi, mada, tarehe, mahali na lugha. Hatua ya nne ni uhifadhi wa kudumu: nakala tatu, katika aina mbili za vyombo, moja ikiwa mbali na jengo, na kila faili lipewe cheksamu, yaani namba inayokokotolewa kutokana na maudhui yake yote, ili ikaguliwe mara kwa mara kama faili limebaki lilivyokuwa. UNESCO ililisisitiza jambo hili katika hati yake ya mwaka 2003 kuhusu urithi wa dijitali, kwamba kilichomo katika kompyuta kinaweza kufa haraka kuliko karatasi.

Katika hatua hizi nne, kozi fupi nyingi huitumia sehemu kubwa ya muda kwa hatua ya pili. Hatua ya tatu hupewa alasiri moja. Na hatua hiyo ndiyo iliyobeba uzito wote wa lugha.

7.0 Tatizo la majina na tahajia

Chukuliwe mfano wa jina la mahali. Mtafiti aliyeko Liuli akiandika "Liuli" katika sanduku la kutafutia, kompyuta itamletea nyaraka zilizoandikwa "Liuli". Lakini nyaraka za Kijerumani ziliiita bandari hiyo Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba unaofanana na sanamu ya Misri. Ndipo mahali ambapo mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Tukio ambalo huhesabiwa miongoni mwa mapigano ya mwanzo kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Vivyo hivyo Manda iliandikwa Wiedhafen, na Songea iliandikwa Ssongea, kwa kuwa s moja mwanzoni mwa neno la Kijerumani husomeka kama z. Ziwa lenyewe ni Nyassa kwa Kijerumani cha wakati ule, Niassa kwa Kireno, Nyasa kwa Watanzania na Malawi kwa Wamalawi. Kwa hiyo mtu anaweza kuitafuta historia ya kijiji chake, akaambiwa na mashine kwamba haipo, ilhali imo katika diski ileile kwa jina lingine.

Mfano wa pili ni neno la kazi. Kilimo cha mashimo cha Wamatengo hufanywa kwa kulaza nyasi zilizofyekwa katika miraba juu ya mteremko, kisha udongo ukachimbwa katikati na kufunika nyasi hizo, hivyo kwamba mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Katika maandishi kilimo hicho kimeitwa ngolo, ngoro na ingolu. Mwanafunzi wa isimu hushangazwa kidogo tu na tofauti ya l na r au ya irabu ya mwisho. Kwa kompyuta hayo ni maneno matatu yasiyo na undugu. Aidha, fundi asiyejua chochote ataiita picha ya ngolo "mashimo shambani", na kwa maneno hayo mawili atakuwa amefuta ujuzi wa mamia ya miaka. Neno ntambo, linalotaja eneo la ardhi la mlimani linalomilikiwa na ukoo, litaandikwa "shamba", na mgogoro wa ardhi ulioelezwa katika jalada hautaonekana kuwa ni mgogoro wa ntambo.

Mfano wa tatu ni tahajia ya lugha nzima. Kimatengo kina irabu saba, ilhali kibodi ya kawaida na tahajia ya Kiswahili zina tano. Kila mwandishi, tangu Häfliger hadi msamiati uliotolewa na Yoneda mwaka 2006, alilazimika kuamua namna ya kuziandika zile mbili za ziada. Kiswahili chenyewe hakikuwa na tahajia moja kabla ya kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930. Programu za kutambua herufi huzisoma vizuri lugha zenye maandishi mengi, na zikikutana na Kimatengo hulisahihisha neno ili lifanane na lugha nyingine. Usahihishaji wa aina hiyo ni upotoshaji, nao huenea haraka kwa sababu huonekana kama maandishi safi.

Majarida ya zamani ya Berlin yamekwisha kuwekwa mtandaoni, na kijana wa Mbinga mwenye simu anaweza kuifungua kamusi ya mwaka 1909. Atalikuta neno la babu yake, na mbele yake atakuta maana ya Kijerumani. Kamusi imedijitishwa kikamilifu, na bado haijamfikia.

Dawa inajulikana na inafundishika. Ni orodha za majina zilizodhibitiwa, ambamo jina moja huteuliwa na mengine yote huelekezwa kwake: Sphinxhafen, tazama Liuli, ngoro, tazama ngolo. Ni kutumia misimbo ya kimataifa ya lugha, kwa mfano mgv kwa Kimatengo na mpa kwa Kimpoto, badala ya kuandika "lugha ya kienyeji". Ni kunakili neno kama lilivyoandikwa katika hati, kisha kuweka tahajia ya leo katika kipengele cha pembeni. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, umekwisha kuweka msingi ambao mtunza nyaraka anaweza kuutumia. Kinachohitajika ni kwamba mwanaisimu na mtunza nyaraka wafundishwe katika chumba kimoja.

8.0 Nakala ni ya nani?

Swali la mwisho la mafunzo ni la maadili. Rejesta za ubatizo na ndoa zina majina, nasaba na wakati mwingine siri za familia. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Tanzania inatumia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mtu anayenasa rejesta ya karibuni na kuiweka hadharani anaweza kuwa amevunja sheria huku akidhani anahifadhi historia. Kwa hiyo mafunzo lazima yatofautishe kuhifadhi na kutangaza.

Pamoja na hayo, kuna suala la mamlaka. Programu ya Nyaraka Zilizo Hatarini ya Maktaba ya Uingereza, iliyoanza mwaka 2004, iliweka kanuni kwamba nakala asilia zibaki katika nchi yake na wenyeji wafundishwe kazi. Kwa kanuni hiyo miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilidijitishwa papo hapo Lamu. Huo ni mfano mwema kwa kazi inayoanzia nyumbani. Kwa mikusanyo iliyokwisha kuwa ng'ambo, safari ni ya kinyume: nakala ndiyo inayorudi.

Uzito wa jambo hili ulionekana Songea tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alipofika katika Makumbusho ya Majimaji na kuomba msamaha kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Katika viwanja hivyo hukumbukwa kila tarehe 27 Februari wapiganaji 67 walionyongwa mwaka 1906. Jamaa za Nduna Songea Mbano wanaulizia mabaki yake kwa miaka mingi. Maswali kama hayo hujibiwa kwa daftari: orodha ya mizigo, barua ya ofisa, lebo ya makumbusho. Lebo iliyoandikwa vibaya mwaka 1906, ikinakiliwa bila kuhojiwa katika hifadhidata ya leo, itaendelea kuwanyima wazao jibu wanalolitafuta. Kwa sababu hiyo, mtunza nyaraka wa Ruvuma anapaswa kuwa na uwezo wa kuusoma mwandiko wa Kijerumani wa zamani, au walau kuutambua na kujua amwite nani.

9.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba maandishi ya Mbinga na mwambao wa Nyasa yalizaliwa katika lugha nyingi, yakachomwa, yakasafirishwa na kutawanywa na historia ya misheni, ukoloni na mabadiliko ya utawala. Umeonyesha pia kwamba mafunzo ya watunza nyaraka katika Afrika Mashariki yana msingi imara wa zaidi ya nusu karne, na kwamba msingi huo haupaswi kutupwa kwa sababu mashine mpya zimefika. Kinachopungua ni kiungo cha lugha.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, kozi za udijitishaji zitoe kwa maelezo ya utambulisho muda usiopungua ule unaotolewa kwa unasaji. Pili, idara za isimu na Kiswahili ziwatume wanafunzi wao wa shahada za juu kutayarisha orodha zilizodhibitiwa za majina ya mahali, koo na istilahi za kazi kwa kila lugha, kazi ambayo ni utafiti kamili wa kitaaluma. Tatu, kila mkusanyo unaodijitishwa uwe na wasomaji wazee wa eneo husika wanaolipwa kwa kazi yao, kwa maana wao ndio kamusi ambayo haijachapishwa, na muda wao ni mfupi kuliko wa karatasi.

Mwenye duka wa methali alipoteza mali kwa kutoandika. Mbinga imeandikwa sana, na wajukuu wake bado hawajui pa kuyatafuta yaliyoandikwa. Daftari la madaftari hayo ndilo linalosubiri kuandikwa, na liandikwe kwa majina ambayo mtu wa Liuli na wa Kigonsera atayaita mwenyewe.